Watu Wazima Nao Wapate Nyumba Yao

Kila kata katika nchi yetu ina nyumba za umma ambazo kila mtu azijua. Iko shule ya watoto. Iko ofisi ya mtendaji. Iko zahanati, au angalau boma la zahanati linalongojea bati. Msikiti upo, kanisa lipo, na kilabu cha pombe hakikosekani. Lakini mtu mzima aliyekosa shule utotoni, mama anayetaka kujua hesabu ya kikoba chake, kijana aliyeishia darasa la saba, na mjane asiyejua aanzie wapi kudai shamba aliloachiwa na mumewe, hao wote hawana nyumba. Wakitaka kujifunza huambiwa wakae juu ya madawati ya watoto baada ya watoto kuondoka, kama wageni waliopewa kona ya kulala.

Wiki hii twataka kusema juu ya nyumba hiyo inayokosekana. Tena twasema kwa kutaja mahali, maana shauri lisilo na mahali ni rahisi kupigiwa makofi na kusahauliwa. Twataja Kisaka, kata ya wilaya ya Serengeti katika mkoa wa Mara. Watu wa huko ni wakulima na wafugaji, kama walivyo jirani zao wa Tarime: mahindi, mtama, ulezi na mihogo, ng'ombe na mbuzi. Hatuitaji Kisaka kwa sababu imezidi wengine kwa shida. Twaitaja kwa sababu inafanana na mamia ya kata nyingine, na lile litakalowezekana Kisaka litawezekana popote.

Nyumba tunayoisema si jumba la fahari. Ni ukumbi mmoja wa kukaa watu hamsini au sitini, vyumba viwili vya darasa, chumba kidogo chenye meza ya kusaidiwa watu barua na karatasi zao, rafu ya vitabu na magazeti, taa ya umeme au ya jua, tangi la maji ya mvua, na choo cha wanawake na cha wanaume. Mchana yaweza kuwatunza watoto wadogo wakati mama zao wanajifunza. Jioni yaweza kuwa darasa. Siku ya mnada yaweza kuwa mahali pa kuuliza bei na dawa ya mifugo. Mlango wake uwe wazi kwa kila mkazi, awe na kadi ya Chama au asiwe nayo.

NGUMBARU

Wazee wetu wanakumbuka jina lililopewa masomo ya watu wazima zamani za ukoloni. Yaliitwa kisomo cha ngumbaru, na jina lenyewe lilikuwa na kicheko ndani yake. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilijenga majumba ya welfea katika miji, ili askari waliorudi na makarani wapate mahali pa kusoma gazeti na kucheza. Dar es Salaam ilipata Jumba la Arnautoglu, Mnazi Mmoja, katika miaka ya 1950. Lakini mkulima wa kijijini hakujengewa kitu. Yeye alitakiwa kulipa kodi, na kulipa kodi hakutaki kujua kusoma. Kunatosha kidole gumba.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 iliona hatari ya jambo hilo. Mtu asiyeweza kusoma azuiwa asijue haki yake kwa njia rahisi kabisa: haki yake inaandikwa. Kwa hiyo matawi mengi ya TANU yaliendesha madarasa ya watu wazima pamoja na kazi ya siasa, na mara nyingi darasa na mkutano vilikuwa chini ya mti mmoja.

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili waziwazi mwaka 1964, alipokuwa akieleza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano. Alisema tuanze na watu wazima, kwa kuwa faida ya kumsomesha mtoto itaonekana katika uchumi baada ya miaka mingi, ambapo mtu mzima aliyeelewa jambo leo aweza kubadili shamba lake mwaka huu huu. Hilo lilikuwa kweli mwaka 1964, na hakuna kilichotokea tangu hapo cha kuligeuza kuwa uongo.

Watu wa Mara wana haki ya kujua kwamba mkoa wao ulikuwa mstari wa mbele katika vita hiyo. Mwaka 1968 ulianza mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Maana ya kisomo chenye manufaa ni kwamba mtu alijifunza herufi kwa kusoma habari za kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alisoma juu ya pamba, mwenye migomba juu ya migomba, mvuvi juu ya uvuvi, mfugaji juu ya ng'ombe. Mtu mzima hakufundishwa kama mtoto mkubwa. Alifundishwa kama mtu mwenye kazi.

Kisha Mwalimu alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zikachaguliwa kufuta ujinga wa kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971, nazo ni Mafia, Ukerewe, Kisarawe, Masasi, Pare na Kilimanjaro. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, halafu wakashika jembe na kuchimba vyoo. Na mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, hapo hapo mkoani Mara, ikatoa Azimio la Musoma ambalo liliamua kila mtoto apate elimu ya msingi na kwamba elimu na kazi visitengane.

Matokeo yalionekana. Katika mwaka 1970 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha wamepungua mpaka 39. Mwaka 1977 walikuwa 27, na mwaka 1983 walikuwa 15. Mwaka 1986 hesabu ilifika chini ya 10. Dunia ilitushangaa. Nchi maskini, yenye vijiji vilivyotawanyika, ilikuwa imefanya kwa miaka kumi na sita kazi ambayo nchi nyingi zenye fedha hazikuifanya kwa miaka hamsini.

KAMPENI HUPITA

Tukitaka kuwa wakweli kwa wasomaji wetu, hatuwezi kukomea hapo penye makofi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha 78 katika kila 100, na sensa ya mwaka 2022 ilionyesha 83 hivi. Hata tukikubali kwamba hesabu hizi na zile za mwaka 1986 hazikupimwa kwa mzani mmoja, ni dhahiri kuwa tulirudi nyuma, na kwamba leo karibu mtu mzima mmoja katika kila sita bado yuko gizani. Katika vijiji wako wengi kuliko katika miji, na katika wanawake wako wengi kuliko katika wanaume.

Kwa nini tulirudi? Sababu zinajulikana. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha ya nchi. Mafuta yakapanda bei, mazao yetu yakashuka. Walimu wa kujitolea walikuwa wakipewa posho ya Sh. 30 kwa mwezi, na ilipochelewa miezi mingi wengi walirudi mashambani kwao. Mafuta ya taa yakawa adimu, na darasa la usiku bila taa ni maskani ya mbu. Vitabu vya kuendelea havikutosha, na mtu aliyejifunza kusoma asiwe na cha kusoma hufanana na mtu aliyefundishwa kuogelea akapelekwa jangwani.

Lakini iko sababu moja ambayo haisemwi sana, na kwetu sisi ndiyo kubwa. Kazi ile iliendeshwa kwa kampeni. Kampeni ina mwanzo na mwisho. Ina ngoma, ina mgeni rasmi, ina bendera, halafu inapita kwenda mahali pengine. Darasa lilikuwa chini ya mti, au katika ofisi ya tawi, au katika shule ya watoto. Siku mwalimu alipoondoka, hapakubaki kitu cha kumwonyesha mtu kwamba hapa palikuwa na darasa. Mti ulibaki mti. Kama kila kata ingalikuwa na nyumba yake ya elimu, yenye mlango na ufunguo na kamati, mwalimu angeondoka na nyumba ingebaki, na nyumba iliyobaki humdai mwalimu mwingine. Zahanati isiyo na daktari huwapigia watu kelele kila siku mpaka daktari aletwe. Darasa lililokufa chini ya mti halimpigii mtu kelele.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza hivyo. Katika Denmark chuo cha kwanza cha wananchi kwa watu wa mashambani kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Katika London nyumba ya Toynbee Hall ilifunguliwa mwaka 1884 katikati ya mitaa ya maskini, na mwaka 1889 Bibi Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr wakafungua Hull House katika Chicago, ambako wahamiaji maskini walisoma jioni, wakaachia watoto wao mahali pa kutunzwa mchana, na kupata mtu wa kuwasomea karatasi za serikali. Hatuyataji haya ili tuige mavazi ya watu. Twayataja kwa sababu kila mahali ambapo kazi hii ilidumu, ilidumu ndani ya nyumba.

Sisi wenyewe tulilijua jambo hilo kwa upande mmoja. Tangu mwaka 1975 tulifungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kujifunza kutoka Sweden, na leo viko zaidi ya hamsini. Mkoa wa Mara unavyo pia, kama vile cha Tarime na cha Kisangwa katika Bunda. Ni vyuo vyema, vyafundisha useremala, ushonaji, kilimo na ufundi mwingine. Lakini mama mwenye watoto wanne na ng'ombe wa kukamua hawezi kufunga mzigo akaenda kukaa chuoni. Yeye ahitaji nyumba anayoweza kwenda kwa miguu baada ya kupika na kurudi kabla ya watoto kulala. Chuo ni ghorofa ya juu. Nyumba ya kata ndiyo ngazi, na sisi tulijenga ghorofa tukasahau ngazi.

HASARA YA KILA SIKU

Wako watakaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na mambo ya ngumbaru yamepitwa na wakati. Kwa maoni yetu simu imeongeza haja ya kusoma, haikuipunguza. Zamani asiyejua kusoma alihitaji msaada siku alipopata barua, labda mara mbili kwa mwaka. Leo fedha yake iko ndani ya simu, na namba yake ya siri anaijua mtoto wa jirani anayemsomea ujumbe. Matapeli wanaotuma ujumbe wa kutaka fedha itumwe kwenye namba hii na hii wanamtafuta mtu wa namna hiyo. Wakopeshaji wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu wanampenda kuliko mteja mwingine, maana mkataba una kurasa tatu na yeye ataweka kidole katika ukurasa wa tatu.

Tutazame na haki ambazo sheria zetu zimekwisha kuziweka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Ni wajane wangapi vijijini wanaijua sheria hiyo? Halmashauri zetu zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kikundi chatakiwa kiwe na katiba, kiwe na daftari la hesabu, na kiandike mpango wa mradi wake. Kikundi kisicho na mtu wa kuandika humtafuta mjanja wa mjini awaandikie, na mjanja huyo hula sehemu yake kabla ya mkopo haujafika. Fedha ile ilitengwa kwa ajili ya maskini, nayo humfikia kwanza yule ajuaye kalamu.

Katika siasa yenyewe hasara ni kubwa zaidi, na hapa twasema na wanachama. Mtu hawezi kugombea uongozi wa kijiji wala wa kitongoji kama hajui kusoma na kuandika. Kwa hiyo kila mama aliyenyimwa shule amenyimwa na kiti cha uongozi pia, hata awe na busara ya kuwazidi wote waliokaa mbele. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya kusikia hesabu za mapato na matumizi. Zikibandikwa ukutani na wengi wa wanaopita hawawezi kuzisoma, ukuta umesomewa, wananchi hawakusomewa. Mla fedha za kijiji haogopi bango. Aogopa mkulima anayesimama mbele ya bango hilo na kalamu mkononi.

MUGUMU NA MASANGA

Katika Mara liko jambo jingine, nalo halifai kufichwa. Kwa miaka mingi wasichana wa mkoa huo wamekuwa wakikeketwa, hasa katika mwezi wa Desemba wa miaka ya msimu. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika taifa zima wanawake waliokeketwa ni kama 8 katika kila 100, ambapo katika Mara ni kama 28. Wazee wa mkoa huo wasidhani kwamba twawatukana kwa kutaja hesabu hiyo. Twaitaja kwa sababu watoto wanaokimbia usiku ni wa kwetu sote.

Wanakimbilia wapi? Mjini Mugumu, makao ya wilaya ya Serengeti, iko Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014, ambayo Bibi Rhobi Samwelly ameifanyia kazi kubwa. Katika Tarime kiko kituo cha Masanga, ambacho kazi yake ilianza mwaka 2008. Humo wasichana hupata kulala, chakula na masomo, na wengine hujifunza kushona. Kisha wazazi huitwa, wakaongea, wakaweka ahadi, na wengi wa wasichana hurudi nyumbani. Nyumba hizo zimethibitisha jambo ambalo sisi twalihubiri: nyumba moja yenye mlango wazi na watu waaminifu yaweza kufanya kazi ambayo mabango mia hayawezi.

Lakini tufikiri. Nyumba ya wokovu humpokea msichana baada ya hatari kumfikia. Mtoto wa kijijini akimbie peke yake usiku, katika njia ndefu, ili aokoke na watu wanaompenda! Mwenye kuhitaji kufundishwa hapo si mtoto, maana mtoto amekwisha kuelewa na ndiyo sababu amekimbia. Wenye kuhitaji ni baba anayengoja ng'ombe wa mahari, mama aliyepitia kisu hicho hicho akadhani hakuna njia nyingine, mzee wa mila, na ngariba ambaye kisu ndicho kipato chake. Hawa hawatakwenda Mugumu kusoma. Wataweza kwenda kwenye nyumba iliyo kijijini kwao, iliyojengwa na mikono yao, ambayo mara ya kwanza walikwenda kuuliza dawa ya kupe na mara ya pili kusomewa barua. Katika nyumba ya namna hiyo, mbele ya watu wanaofahamiana, mzee aweza kubadili neno lake bila ya kuonekana ameshindwa na wageni. Na msichana aliyepata mimba akaachishwa shule, ambaye tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi, aweza kuanza tena masomo yake hapo bila ya kuonewa haya.

WATAKAOPINGA

Twajua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba mtu mzima hafunziki, samaki mkunje angali mbichi. Hesabu za mwaka 1970 mpaka 1986 zimekwisha kulijibu neno hilo. Mamilioni ya watu wazima walijifunza, wengine wakiwa na wajukuu.

La pili ni kwamba fedha hakuna. Fedha ya jumba la fahari hakuna, nasi hatuliombi. Lakini Wakurya na Wangoreme wanayo tangu zamani desturi ya risaga, ambayo majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Watu wanaoweza kulima ekari kwa asubuhi moja hawashindwi kufyatua tofali na kusomba mawe. Kiwanja kitolewe na Mkutano Mkuu wa Kijiji na kiandikwe, ili asije mjanja akakiuza baadaye. Wananchi wafike kwenye lenta. Halmashauri ya wilaya itoe bati, mbao na fundi. Hiyo ni kazi ya miaka miwili, tukiamua.

La tatu ndilo zito, nalo latuhusu sisi wenyewe. Wengine watasema kwamba nyumba hiyo itakuwa pango la wakubwa. Watasema hivyo kwa sababu wameona. Wameona kumbi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi zikageuka ghala la mfanyabiashara. Wameona jiwe la msingi likiwekwa kwa picha na hotuba, na miaka mitano baadaye mbuzi wanalala juu yake. Wameona kiongozi akishika ufunguo wa nyumba ya umma kama ufunguo wa sanduku la mkewe. Malalamiko haya ni ya haki, na mwanachama anayeyaita uchochezi hakisaidii Chama.

Kwa hiyo masharti yawe wazi tangu mwanzo. Nyumba iwe mali ya wananchi wote wa kata, isiwe ya Chama wala ya mtu. Iwe na kamati iliyochaguliwa na mkutano, na nusu yake wawe wanawake. Mtendaji na diwani waisaidie, lakini ufunguo ukae kwa kamati. Hesabu zake zisomwe kwa sauti katika kila Mkutano Mkuu wa Kijiji, kila miezi mitatu. Siku ya uchaguzi isitumike kugawa khanga wala kofia. Na mwalimu wake alipwe posho kwa wakati, maana tumekwisha kuona mwalimu asiyelipwa alivyoiua kazi nzuri kuliko zote tulizopata kuzifanya.

KAZI IANZE

Kila mmoja ana sehemu yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina ujuzi na vitabu. Ipeleke mwalimu mmoja wa kuwafundisha walimu wa kata. Chuo cha Tarime kiwe mlezi, kitume mafundi mara moja kwa mwezi. Maofisa wa maendeleo, wa kilimo na wa mifugo wapange siku zao ndani ya nyumba, ili mwananchi ajue kwamba Jumanne atamkuta wa mifugo na Alhamisi wa kilimo, badala ya kumfukuza kwa pikipiki wilaya nzima. Vijana waliomaliza sekondari na kukaa bila kazi wafundishe. Kijana anayemfundisha mama mmoja kusoma amejenga taifa kuliko anayeandika maneno makali kwenye simu tangu asubuhi mpaka jioni.

Na wanaume waende darasani. Twalisema hili kwa sababu katika historia ya kazi hii wanawake ndio waliojaza madarasa, na wanaume wengi walibaki nje wakisema wana shughuli. Shughuli yenyewe mara nyingi ilikuwa kilabuni. Baba asiyejua kusoma hapotezi heshima kwa kushika kalamu mbele ya mkewe. Heshima hupotea siku anapoweka kidole katika karatasi inayouza ng'ombe wake wote, naye akidhani anapokea mkopo.

Wasomaji wetu wa Kisaka, wa Serengeti yote, wa Tarime na wa mahali pengine popote, hatuwaombi mngojee waraka kutoka Dodoma. Azimio la Musoma lilitolewa mkoani kwenu mwaka 1974, na liliwataka wananchi wafanye kazi kwa akili na mikono yao. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja, mtu mmoja na asimame, aombe jambo hili liandikwe katika ajenda: kiwanja cha nyumba ya elimu ya watu wazima. Akichekwa, asikae chini. Kisomo cha ngumbaru nacho kilichekwa, nacho kilifundisha mamilioni kusoma. Aulize mkutano maswali matatu tu: kiwanja kiko wapi, kamati ni nani, na siku ya kwanza ya risaga ni lini. Mwenyekiti aandike majibu. Na wale wasioweza kusoma yaliyoandikwa wasomewe kwa sauti, ili wawe mashahidi mpaka siku watakapokaa ndani ya nyumba hiyo na kuyasoma wenyewe.

Uhuru na Kazi!